Mshale wa joto ukicheza, usikimbilie kutoa thamostati

Mwanza hii, gari lako likianza kuonyesha joto, kila mtu ni fundi. Muuza mahindi ya kuchoma ni fundi, konda wa daladala ni fundi, na wote wana dawa moja: "Mama, toa hiyo thamostati, utanikumbuka." Thamostati ni kile kilango kinachofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakishapata moto. Nimeambiwa hivyo Nyakato, nimeambiwa Kirumba, nimeambiwa hata Kayenze na kijana aliyekuwa anaanua dagaa.

Gari langu ni Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, ile ya silinda nne, lita 2.5. Lilitoka kwenye mnada wa magari ya mradi, sasa linabeba dagaa kutoka Kayenze hadi mwaloni Kirumba, na harufu ile haitoki tena, tusidanganyane.

Ugonjwa wake haukuwa kuchemsha. Gari linalochemsha mshale hupanda ukabaki huko huko. La kwangu lilikuwa linacheza: mshale unapanda taratibu hadi karibu na nyekundu, roho mkononi, halafu unaporomoka chini ya nusu na kutulia. Nikianza kupanda Isamilo, mchezo unaanza upya.

Kabla ya kushika spana, tazama geji ya mafuta. Kwenye Defender za umri huu, geji ya joto na ya mafuta zinalishwa na kifaa kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, kinachoshusha umeme hadi volti 10. Kikichoka, mishale yote miwili inacheza pamoja, na hapo mtafute fundi umeme, rejeta haina kosa. Washa na taa kubwa: mshale wa joto ukiruka papo hapo, angalia waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Maji zaidi ya lita kumi na chuma chote kile hakiwezi kupata joto kwa kufumba na kufumbua. Kwangu mshale wa dizeli ulitulia tuli, kwa hiyo joto lilikuwa la kweli. (Ukitaka kupima kwa kile kipimo cha kuelekeza kama bastola, usichukue cha getini cha wakati wa korona. Kile ni cha joto la binadamu, kwenye injini hakikufai.)

Aliyesema ukweli ni hita. Hakuna anayehitaji hita Mwanza, lakini mshale ulipopanda niliifungulia, ikatoa upepo wa baridi. Injini ya moto na hita ya baridi maana yake maji ya moto hayapiti kule. Kuna hewa ndani.

Na hewa hukimbilia juu, penye nyumba ya thamostati. Ndani ya thamostati kuna nta inayoyeyuka na kutanuka ili kufungua mlango. Ikizungukwa na hewa badala ya maji, inachelewa kupata habari. Injini inazidi kupata moto, mlango umefungwa. Maji ya moto yakiifikia ndipo inafunguka, maji ya baridi ya rejeta yanaingia kwa pamoja, na mshale unaanguka.

Hata hivyo thamostati niliipima, kwa sababu fundi aliyeshikilia kuitoa alihitaji kunyamazishwa. Nilibana uzi kwenye mdomo wa thamostati, nikaining'iniza kwenye sufuria jikoni bila kugusa chini, pamoja na kipimajoto. Ikifunguka inauachia uzi, inadondoka. Ilidondoka karibu kabisa na nyuzi 88 zilizoandikwa juu yake. Fundi akalalamika kwamba haikufunguka yote. Haiwezi! Inahitaji kama nyuzi kumi zaidi, na Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya gari kuna mgandamizo wa kifuniko, ndiyo maana maji yanavuka hapo bila kuchemka. Kifuniko kikilegea, nyuzi hizo 96 zinakuhusu barabarani pia.

Tena ukiitoa, kwenye injini nyingi unaacha wazi njia ya mkato, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Asubuhi injini inakunywa dizeli ikiwa baridi, mchana mlimani inapata moto. Umelipa mara mbili.

Sasa hewa iliingia wapi? Nilichoogopa ni gasketi ya silinda hedi, maana hedi ya injini hii ni ya aluminiamu na ikipinda ni kilio. Lakini dalili zake hazikuwepo: hosi ya juu haikuwa ngumu injini ikiwa baridi, wala haikukakamaa mara tu baada ya kuwasha. Nikashuka na tochi hadi nyuma ya wota pampu, na pale kulikuwa na michirizi myeupe iliyokauka. 300Tdi zinajulikana kwa gasketi ya pale kuvuja, ile yenye umbo la herufi P. Maji yanatoka kidogo, yanakaukia kwenye chuma cha moto, chini hakuna tone.

Gasketi ikabadilishwa wakati wa mbalamwezi, maana dagaa hawavuliwi na gari linapumzika. Kujaza ndiko wengi wanakoharibu. Fungua kizibo cha juu ya rejeta na cha juu ya nyumba ya thamostati, mimina kwenye tanki dogo mpaka rejeta ijae, funga kizibo chake, kisha malizia pale kwenye thamostati mpaka mapovu yaishe. Weka kulanti, yale maji yenye dawa ya kuzuia kuganda na kutu, si maji ya ziwa. Barafu hatuna, ila kutu tunayo.

Mshale sasa umekaa chini kidogo ya nusu, Isamilo ama tambarare. Bado mapezi ya rejeta yamejaa vumbi la Kayenze na magamba ya samaki. Nitayaosha mbalamwezi ijayo, maji yakipigwa kutoka upande wa injini.