Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa usiku na betri za tochi

Saa 10 jioni. Naamka, na kitu cha kwanza kushika hata kabla ya kunawa ni mita. Nina betri 2 za lithiamu za 18650, nilizichaji asubuhi kabla sijalala. Moja inasoma volti 4.18, nyingine 4.17. Zikijaa kabisa zinagusa 4.2, kwa hiyo hapo ziko poa. Halafu hiyo 18650 ni vipimo tu, upana milimita 18, urefu 65, na 0 ya mwisho inamaanisha ni ya duara kama bomba.

Saa 11. Nazigeuza kwenye mwanga nikikagua ganda la plastiki. Hapa ndo watu wengi hawaangalii. Bati lote la betri ni hasi, mpaka ule ukingo wa juu unaozunguka kitufe cha chanya, kinachotenganisha ni kipete kidogo cha karatasi na kaplastiki kembamba, sasa kale kaplastiki kakichanika hapo juu halafu chuma kikagusa kitufe na ukingo kwa pamoja, ni shoti, na shoti ya lithiamu ni moto. Mwezi uliopita nilikuta mchaniko mdogo kama ncha ya ukucha, nikaiweka pembeni papo hapo mpaka nilipoivisha ganda jipya. Ile ya akiba inakaa kwenye kiboksi cha plastiki, mfukoni na funguo haikai hata dakika 1.

Saa 12 jioni. Napokea lindo. Kijana ninayelinda naye ananionyesha betri mpya kwa furaha, "Mzee, cheki, imeandikwa 9900!" Nikaishika tu nikajua, nyepesi mno. Betri ya kweli ya saizi hii ina uzito kama wa gramu 45 hivi, na hata zile bora kabisa zinacheza kwenye 3,500 hadi 4,000 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Nikamwambia mwanangu, hiyo itakuacha solemba usiku wa manane.

Saa 3 usiku. Mzunguko wa kwanza, mwanga mdogo, unatosha kabisa macho yakishazoea giza. Mwanga mkubwa nawasha nikisikia kitu tu, manake unakula chaji na tochi inachemka mkononi.

Saa 8 usiku. "Mzee, imezima." Nikampa tochi yangu ya pili, inayotumia AA 2 za kuchaji, zile za nikeli. Nilizichaji miezi 3 iliyopita na bado ziko vizuri, kuna aina yake inayotunza chaji, hata mwaka ukiisha sehemu kubwa bado imo, ukinunua tafuta hizo. Akaniuliza mbona zimeandikwa 1.2 na betri kavu ni 1.5, si zitakuwa dhaifu? Hapana, hiyo 1.5 ni ya mwanzo tu, ukiwasha tochi inayovuta umeme mwingi betri kavu inashuka haraka, ya nikeli inakaa palepale kwenye 1.2 karibu mpaka mwisho. Akasema ana nyingine nyumbani zimeandikwa 14500, zinaingia kwenye hii tochi kabisa. Nikamsimamisha hapohapo! Zinaingia kweli, saizi ni ya AA, ila hizo ni lithiamu, volti 3.7 kila moja, ukitia 2 kwenye tochi iliyotengenezwa kwa volti 3 unaiunguza.

Na betri kavu zenyewe ndo zilizoniulia tochi niliyoipenda sana, niliziacha ndani miezi kadhaa bila kuitumia, siku nafungua nakuta unga mweupe umejaa, springi imeliwa, kifuniko kimeng'ang'ania hakizunguki. Inauma mpaka leo.

Saa 12 asubuhi. Nakabidhi lindo. Kijana kaniachia ile 9900, itaenda na taka za umeme, kwenye pipa la kawaida haiingii.

Saa 1 asubuhi, nyumbani. Iliyofanya kazi inasoma 3.6. Siisubiri iishe kabisa, lithiamu haihitaji hayo, na ikishuka chini ya 2.5 inaharibika. Naiweka kwenye chaja juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro, naandika tarehe kwenye ganda kwa makapeni, halafu nakaa nayo macho, sichaji lithiamu nikiwa usingizini.

Saa 4 asubuhi. Taa ya chaja imekuwa kijani. Naitoa, naifunga kwenye kiboksi, nalala.