Begi langu la siku tatu Pemba wakati wa kaskazi

Kuanzia Disemba mpaka Machi, msimu wa upepo wa kaskazi, jua la Pemba halina masihara. Nyuzi 30 zinapitwa kabla ya adhuhuri, na unyevu wa bahari unalifanya jasho ligande mwilini badala ya kukauka. Kwa hiyo begi silipangi kwa kuhesabu siku. Kila ninachokishika najiuliza: hiki kikirowa jioni, asubuhi kitakuwa kimekauka? Jinzi haikauki, inabaki nyumbani. Taulo nene vilevile.

Mahali pa taulo naweka kanga, doti moja kwa kila mtu mzima, imeshakatwa na kupindwa. Kipande kimoja cha kujifutia na kukalia ufukweni, kingine kikavu cha kujitanda mjini na kujifunika usiku. Ila isiwe imetoka dukani jana. Kanga mpya ina wanga: maji yanateleza juu yake, hainyonyi, na jasho likiipata inachuja rangi ikakuachia shingo ya buluu. Iloweke usiku kucha katika maji baridi, ifue mara mbili au tatu peke yake, ianike kivulini. Ikishalegea ndiyo inafaa safari.

Nguo zangu ni suruali 2 nyepesi na mashati 3 mapana ya mikono mirefu. Hayo yanatosha, maana ya leo hufuliwa usiku. Wanaotoka bara wakumbuke kwamba katika miji ya Chake Chake na Wete mabega na magoti yanasitiriwa. Nguo ya kuogea ni ya ufukweni tu. Mafuta ya mgando nachukua kikopo kidogo, kwa mapajani panaposuguana. Usiyapake kwenye harara, yanaziba vitundu vya jasho na harara inazidi.

Viatu ni jozi mbili. Raba kuukuu na soksi ndefu ni kwa msitu wa Ngezi: miguu ya suruali inaingizwa ndani ya soksi, kwa sababu siafu hawapigi hodi. Jozi ya pili ni viatu vya plastiki vya kufunga, kwa kutembea pwani maji yakitoka. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji hutoka mbali sana, nawe unajikuta juu ya matumbawe makali na wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu. Kandambili hapo inachomoka kwenye tope ikakuacha na mguu mtupu.

Siku ya Misali ina hesabu yake. Kisiwa hakina duka, na wenyeji husimulia kwamba kimelala kama msala ulioelekea kibla. Unachokunywa ni ulichopakia kwenye boti bandarini Wesha. Mimi napiga lita 3 kwa kila mtu mzima wa kushinda huko. Watu wanne ni lita 12, yaani kilo 12, kwa hiyo zigawe: madumu 2 ya lita 5 na chupa 2 za lita moja zilizogandishwa. Chupa ya kugandisha usiijaze mpaka juu, acha vidole viwili. Maji yakiganda hutanuka, na chupa iliyojaa itapasuka. Izungushie gazeti, kisha kitambaa, iweke katikati ya chakula. Mchana barafu ikiyeyuka unainywa.

Chakula chenyewe kisiwe na nazi. Wali wa nazi uliopikwa alfajiri, adhuhuri umeshachacha. Chapati, mayai ya kuchemsha na tende hufika salama.

Natia pia pakiti 4 za chumvichumvi (ORS) za dukani, kwa atakayeharisha. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Dafu ni zuri kwa kiu, lakini lina chumvi kidogo. Aliyeharisha kutwa halimtoshi.

Anayechungulia samaki huelea kifudifudi, akaungua shingo, mgongo na nyuma ya magoti bila kuhisi, maana maji yanampoza. Ngozi nyeusi nayo huungua. Kinga bora ni shati la mikono mirefu ndani ya maji. Dawa ya jua paka palipobaki wazi, urudie kila saa mbili. Ya mbu hupakwa baada yake, si kabla.

Kwenye boti ya kwenda bandari ya Mkoani, kitambulisho na kidonge cha kichefuchefu vikae mfukoni, kwani begi kubwa huenda kwenye mizigo. Kidonge kinamezwa saa moja kabla ya kuondoka. Ukingoje mkondo wa Nungwi uanze kukurusha, utakitapika. Wa ndege ndogo wachukue begi laini: mara nyingi kikomo ni kilo 15, na pawabenki huingia nayo mkononi.

Simu ikipata moto hadi ikazima, ifunike kivulini ipoe yenyewe. Usiitie kwenye friji, mvuke utageuka matone ya maji ndani. Kamera inayotoka chumba cha kiyoyozi iache ndani ya mkoba nusu saa kabla ya kuifungua, la sivyo kioo kinafanya ukungu.

Nafasi ya robo begi naiacha kwa halua ya Wete. Hiyo itie kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na kanga, maana kwa joto hili samli yake hutoka.