Kioo cha Bafuni Huliwa kwa Nyuma

Watu wengi hapa Mombasa wanapoona weusi ukitambaa kwenye ukingo wa chini wa kioo cha bafuni huulaumu mvuke, na dawa wanayoikimbilia ni kuufuta uso wa kioo kila baada ya kuoga. Kufuta hakuna ubaya, ila hakumfikii adui. Uso tunaoufuta ni kioo kitupu, ambacho maji hayakidhuru kitu. Kinachooza kiko upande wa pili, nayo maradhi huingilia ukingoni.

Kioo cha kujitazamia ni kitu cha matabaka. Mbele kuna kioo cha kawaida, ndugu wa kile cha dirishani. Nyuma yake hupakwa fedha halisi kwa njia ya kikemia iliyotokana na ugunduzi wa Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835; kabla ya hapo vioo vilitengenezwa kwa bati na zebaki, na mafundi waliokuwa wakivuta mvuke wa zebaki waliilipia kazi hiyo kwa afya zao. Fedha hiyo ni nyembamba kuliko mtu anavyodhani, kwani unene wake haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na mita nzima ya mraba haibebi hata gramu moja. Juu ya fedha hupakwa shaba ya kuilinda, ingawa viwanda kadhaa siku hizi vimeiacha shaba na kutumia kinga nyingine, kisha hufuata rangi, ile tunayoiona tukikigeuza kioo.

Rangi hiyo hufanya kazi yake vizuri mahali ilipo nzima. Taabu ni kwamba kioo hutoka kiwandani kikiwa kipande kikubwa, na ni fundi wa mtaani anayekikata kwa kipimo cha bafu lako. Pale kinapokatwa, matabaka yote huachwa wazi kwenye mstari mwembamba unaozunguka kioo kizima, na mara nyingi rangi humeguka kidogo kidogo kwenye mstari huohuo. Maji hayahitaji mlango mkubwa zaidi ya huo.

Mwaka jana tulibandua kioo cha bafu la chini katika nyumba ya familia, Mji wa Kale, nami nikakigeuza juani nikitazame vizuri. Kwa juu rangi ya nyuma ilikuwa safi kama ya dukani. Kwa chini ilikuwa imefura vipele, na nilipokikwaruza kimoja kwa ukucha ikabanduka pamoja na unga wa kijani, ambao ni shaba iliyoliwa. Chini ya unga huo fedha ilikuwa imetoweka kabisa, na nikaona kidole changu upande wa pili. Kumbe sehemu kubwa ya kile tunachokiita doa jeusi si rangi iliyoongezeka, bali ni mahali ambapo fedha haipo tena na jicho linatazama giza la ukuta.

Fundi aliyekuja kutusaidia alikitazama mara moja tu akasema, “Dada, hiki kimeliwa na chumvi.” Nadhani alisema kweli kuliko vitabu vingi. Fedha peke yake, ikiwa kwenye maji matupu, haiharibiki upesi. Inachokiogopa ni vitu vinavyosafiri ndani ya maji, na hasa chumvi, pamoja na gesi zenye salfa ambazo huigeuza nyeusi. Shaba nayo ikilowa huku imegusana na fedha hutokea mfano wa betri ndogo, na katika betri hiyo ni shaba inayoliwa kwanza. Mabaki yake huvimba, huisukuma rangi, na nafasi inayopatikana huvuta maji zaidi ndani. Ndiyo maana doa likishaanza haliishii pale lilipoanzia.

Hapa kwetu chumvi haina haja ya kutafutwa. Imo katika upepo wa baharini, imo katika maji ya visima vingi tunayoogea, na katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe imo ndani ya ukuta wenyewe, unaonyonya maji kutoka chini na kuyatoa taratibu. Kisha chumvi ina tabia moja inayoeleza mengi: unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi huvuta maji kutoka hewani na kujiyeyusha yenyewe. Asubuhi nyingi za Mombasa unyevu hupita kiwango hicho, hata nje ya msimu wa masika. Kwa hiyo ukingo uliokwisha kushika chumvi hubaki umelowa bila mtu yeyote kuoga, na anayejisifu kwamba bafu lake hukauka mchana kutwa ametazama vigae vya sakafuni, si ukingo wa kioo.

Kiyoyozi huongeza la kwake. Bafu lililoungana na chumba chenye kiyoyozi hupoa usiku, na dirisha likifunguliwa alfajiri hewa ya nje yenye joto na unyevu huingia na kutoa jasho juu ya kila kilicho baridi, kioo kikiwa cha kwanza. Matone huteremka hadi ukingo wa chini, na kioo kikiwa kimekalia vigae moja kwa moja, maji hunaswa katika ule ufa na kupanda nyuma yake.

Tunavyokisafisha na kukibandika kioo ndiko kunakonikera zaidi. Dawa za vioo zenye amonia, siki, na zile za klorini za kung’arishia vigae, zote zikimwagika hadi ukingoni huila fedha au shaba. Heri kukilowesha kitambaa kuliko kukipulizia kioo. Silikoni nayo iko ya namna mbili, na ile ya bei nafuu inayonuka siki inapokauka hutoa asidi ileile ya siki, ikiwa imefungiwa nyuma ya kioo isikoweza kutoka. Fundi akifungua tyubu na harufu hiyo ikajaa bafuni, msimamishe kwa adabu umwombe alete silikoni isiyotoa asidi, ile wanayoitumia kwa vioo.

Kioo kipya kinahitaji mambo machache. Kingo zake zilainishwe, zifutwe zikauke kabisa, kisha zipakwe rangi au vanishi isiyopitisha maji kabla ya kupandishwa ukutani, kwa kuwa baadaye hutazifikia. Kiachwe nafasi ya milimita chache nyuma ili hewa ipite, na ukingo wa chini uinuliwe usiguse vigae. Wanaoziba pande zote nne kwa silikoni siwaungi mkono, hasa kwenye ukuta wa chokaa, kwa sababu unyevu wa ukutani hukosa pa kutokea.

Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Ukikata sehemu mbovu utapata kioo kifupi chenye ukingo mpya ulio wazi, nao usipopakwa kitu utaanza safari ileile. Chetu tulikikata, tukakipaka vanishi, na sasa kiko ukumbini juu, mbali na maji. Bafuni tumetundika kidogo cha bei nafuu chenye fremu ya plastiki, ambacho kikiharibika hakuna atakayekililia.