Laksipa mbali na dania

Leo asubuhi nimepunguza miche ya laksipa, maua yangu ya buluu ya bustanini. Ni kazi nisiyoipenda, kung'oa mche wenye afya ili mwenzake apate nafasi, lakini ukiiacha isongamane majani yanashikwa na ukungu mweupe na mabua yanakuwa membamba. Mimi naacha shubiri moja nzuri kati ya mche na mche. Iliyong'olewa sikuipeleka kwenye rundo la majani ya ng'ombe. Nimeifukia shimoni, nikanawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Huku Kapchorwa, mlimani mashariki mwa Uganda, magugu ni chakula. Ng'ombe wengi wako zizini, wanakatiwa majani na kuletewa, kwa hiyo kila anachokusanya mpaliliaji kuna mdomo unaokingoja. Sasa ingiza mmea huu hapo. Laksipa ni sumu kuanzia mzizi hadi ua, na kali zaidi ni mbegu na miche michanga. Sumu hiyo inakata mawasiliano kati ya neva na misuli: mnyama anaishiwa nguvu, anaanguka, na ikizidi anashindwa kupumua. Magharibi mwa Marekani ndugu zake wa porini ni miongoni mwa mimea inayosumbua sana wafugaji kwa kuua ng'ombe malishoni, ingawa kondoo wanaivumilia zaidi.

Halafu kuna dania. Mche wa laksipa ukifika urefu wa kidole, majani yake yaliyochanika-chanika yanafanana na dania kiasi kwamba mtoto aliyetumwa mbio kutoka jikoni hatofautishi. Ukiyafikicha ndipo utajua, maana dania inanukia na hii hainukii kitu. Dania yangu iko upande wa jiko, laksipa nyuma ya tangi la maji, na katikati kuna uzio.

Jirani yangu, mama mtu mzima asiyenificha neno, alisimama kwenye uzio huo akatazama.

“Hii inaliwa?”

“Hailiwi, mama.”

“Basi ni dawa.”

“Si dawa. Ni sumu.”

Akanyamaza kidogo. “Na umeiwekea samadi?”

Nimeiwekea, ila kidogo, tena iliyooza vizuri. Samadi ikizidi inarefuka ovyo na upepo wa jioni unailaza chini. Hata hivyo naichomekea vijiti vya mwanzi mapema.

Najua kuna maua rahisi kuliko haya. Lakini bustani za huku zimejaa nyekundu, njano na nyeupe. Buluu ya kweli ni adimu, na mimi kwa buluu sina ujanja.

Kinachoiwezesha kukubali hapa ni baridi. Asili yake ni nchi za pembezoni mwa Bahari ya Mediterania, ambako mbegu huanguka, zikalala, kisha zikaota udongo ukipoa. Zinapenda udongo wa nyuzi 12 hivi. Ukipita 18 nyingi zinagoma. Kampala nisingejaribu. Sisi tuko karibu mita 1,900, usiku hapa ni sweta na blanketi, ila jua la mchana ni la ikweta lile lile. Kwa hiyo mbegu nazifunga kwenye karatasi nyevu, ndani ya kopo lenye kifuniko lililoandikwa SUMU kwa wino mwekundu, zikae kwenye friji wiki moja au mbili. Kisha nazipanda pale pale zitakapokulia, mvua zikianza kupungua. Mzizi wake mkuu unashuka wima na hautaki kuchezewa. Ukiotesha kwenye kitalu ukahamisha, mche unadumaa. Nafunika kwa udongo mwembamba, nusu sentimita tu, kwa kuwa zinataka giza. Baada ya hapo ni kungoja, hata wiki tatu, na kuwazuia koa kwa majivu, ambayo mvua moja tu inayafagia.

Jambo moja baridi haiwezi kunisaidia: mchana. Kwao siku hurefuka kuelekea kiangazi, na huko kurefuka ndiko kunakoiharakisha kuchanua. Hapa mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Basi inakaa chini, majani matupu, mpaka unaanza kujiuliza kama ulinunua mbegu za kweli, halafu siku moja inainua bua.

Maua yanafunguka kuanzia chini ya bua kwenda juu. Yale unayodhani ni petali za buluu ni sepali tano, yaani vijani vya nje vinavyofunika ua kabla halijafunguka, na ya juu imetoa kucha ndefu inayoelekea nyuma. Nekta imo humo ndani, kwa mdudu mwenye ulimi wa kutosha. Nyanda za juu za Afrika Mashariki, huu mlima wetu wa Elgon ukiwemo, zina ndugu yake wa kienyeji, Delphinium macrocentrum, mwenye buluu iliyochanganyika na kijani na kucha iliyosimama wima. Huyo hakuhitaji friji ya mtu.

Mengine nayakata kwa ajili ya madhabahu ya kanisa, asubuhi na mapema, yakiwa yamefunguka sehemu kubwa ya bua. Mama mmoja aliyabeba nyumbani baada ya ibada, akaweka chombo mezani karibu na bogoya zinazoiva, na kesho yake sepali zote zilikuwa chini. Ndizi zikiiva hutoa gesi ya ethilini, na laksipa haiwezi kabisa gesi hiyo. Ya kukausha nayaning'iniza kichwa chini kwenye stoo yenye giza na hewa. Buluu inabaki miezi mingi.

Kila ua linatoa kifuko kimoja cha mbegu. Nakiwahi kikigeuka kahawia, kabla hakijapasuka juu, kwa sababu zikimwagika zitaota popote, hata kwenye dania. Mbegu zilizokaa sana hazioti vizuri, kwa hiyo naweka za msimu mmoja tu na zilizosalia nazichoma.

Jirani sasa anataka mbegu za nyeupe. Nimemwambia nitampa akishajenga uzio. Anasema uzio anao, ila ndama ameuvunja.