Kutoka Hori la Chake hadi Ras Mkumbuu

Nahodha wa kunipeleka Ras Mkumbuu, penye magofu ya mji wa kale kisiwani Pemba, alinipa onyo tangu jana yake: "Saa kumi na mbili uwe ushafika bandari ya Wesha. Bamvua hili likishaanza kupwa, tutaburura mashua topeni."

Nilitaka kuondokea Chake Chake kwenyewe, chini ya kilima penye ngome kongwe, kwa sababu ndipo bibi yangu alipokuwa akisimulia majahazi yakipanda hori na maji ya kujaa kuja kupakia magunia ya karafuu. Dhoruba ya mwaka 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja haikuigusa Pemba, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka vilima hivi. Lakini vijito vya mabondeni vimeleta udongo, mikoko imeushika, na maji yakitoka hori hubaki tope na kaa. Siku hizi meli za abiria hufunga Mkoani. Chake imebaki mji wa bandari usioonja bahari ila mara mbili kwa siku.

Tulitoka Wesha na maji, rasi ikiwa kulia kwetu, ndefu na nyembamba kama kidole. Mikoko ilipokwisha, upepo wa mkondo wa Pemba ukatupiga usoni. Mbele, kisiwa cha Misali.

Ras Mkumbuu hakuna gati. Nilishuka maji yakinifika magotini, viatu mkononi. Kisha nikasimama kimya mbele ya msikiti wa Ijumaa: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, mihrabu, na kando yake makaburi yenye minara. Pembeni watu wamelima muhogo.

Yaqut, mwanajiografia aliyeandika kwa Kiarabu karne ya 13, alikitaja Kisiwa cha Kijani, yaani Pemba, na miji yake miwili, Mtambwe na Mkumbuu. Kabla yake, mwaka 916, msafiri Mwarabu al-Masudi alisafiri kutoka Qanbalu, mji wa kale wa pwani hizi, kurudi Omani, akayasimulia mawimbi ya bahari hii kuwa kama milima. Wapo wataalamu wanaoamini Qanbalu ndiyo hapa. Mimi nilipoutazama mlango wa hori niliwaelewa: jahazi likitoka baharini wazi linapata kivuli cha rasi papo hapo, bila kungoja maji wala kuingia topeni. Waliojenga hapa walikuwa mabaharia kwanza.

Kilichoniuma ni mizizi. Imeingia katika nyufa za kuta, inasukuma jiwe moja moja. Nilimuuliza nahodha kama utotoni mwake hali ilikuwa hivi.

"Mnara ule," akanionesha kisiki cha kaburi, "sisi tulikuwa tukiuona tukiwa baharini, ami."

Maji yalikuwa yametoka mbali, mashua imelala ubavu. Tulikaa chini ya kivuli tukila muhogo wa kuchemsha na papa mkavu, hadi alasiri maji yaliporudi yakaiinua.