Upande wa kung'aa

Jana nafunika sinia la pilau, mwanangu yule mdogo kashika roli la foili, ananiuliza mama, upande wa kung'aa unakaa ndani au nje? Swali la jikoni tu. Mimi nikaganda na mwiko mkononi, maana mara ya mwisho kulisikia swali hilo tulikuwa ukumbini Baltimore, aliyeuliza ni Babu, na hakukuwa na pilau.

Mwanzoni mwa 2017 hiyo. Babu mnamjua, yule niliyekuwa namhudumia Jumanne na Alhamisi, miaka 88, goti moja la bandia, sikio moja zima na ubishi wa watu watatu. Pale Space Telescope Science Institute, taasisi ya darubini za angani jirani na chuo cha Johns Hopkins, kulikuwa na mihadhara ya bure ya jioni kwa watu wote, na yeye akiisikia tu ya darubini mpya basi mnaenda, baridi isiwe baridi. Mimi nasukuma kiti cha magurudumu. Siwadanganyi kwamba nilikuwa napenda nyota, nilichopenda ni kwamba ukumbi una hita na masaa yangu yanahesabika.

Msemaji alikuwa dada mmoja wa haraka haraka, slaidi zinapita kama daladala. Darubini inaitwa James Webb, kioo chake mita 6.5 wakati cha Hubble, ile darubini ya zamani iliyoko angani, ni 2.4, na kwa upana huo hakiingii kwenye roketi kikiwa kimenyooka, kwa hiyo wamekitengeneza vipande 18 vya pembe sita kikunjwe kama meza ya harusini. Vipande vyote vimeshafungwa tayari kule Goddard, kituo cha NASA pale Greenbelt, si mbali na tulipokaa. Slaidi ya nne Babu anakoroma.

Halafu yule dada akasema vioo vimepakwa dhahabu, na watu wakaguna, akacheka akasema msitamani, dhahabu yenyewe kwa vioo vyote 18 ni gramu 48 tu.

Gramu 48. Mimi namba hiyo ilinishtua, kwa sababu najua gramu 52 zinafananaje. Ni bangili nne za mama juu ya mizani ya sonara Tanga, siku tumeenda kuziuza ipatikane nauli yangu. Mama alizivua kwa sabuni ya kufulia, moja ikagoma kwenye kifundo, sonara akatazama pembeni kwa adabu. Basi nikakaa pale gizani napiga hesabu ya kijinga, kwamba mama yangu alivaa dhahabu kuizidi darubini ya mabilioni ya dola, na ilinifikisha Marekani tu, tena kwenda bila kurudi.

Wakati nawaza hayo kikapita kipande cha lile turubai lao, wanapasiana mkono kwa mkono. Ndo kinga ya jua, tabaka tano, kila moja ukubwa kama uwanja wa tenisi, kwa sababu hii darubini inatafuta joto hafifu la vitu vya mbali sana na ikiwa yenyewe ina joto itajiona yenyewe. Kikanifikia. Jamani. Kitu chembamba kuliko unywele, hakina uzito, nimekishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika picha ya mtu mwingine, upande mmoja fedha tupu naona mpaka kope zangu, upande wa pili unavuta zambarau. Nikikipumulia kinatetemeka. Na kina sauti, kwarakwara, sauti ileile ya foili ya sinia la Idi nyumbani. Ile sauti ndo ikamwamsha Babu, akakinyakua, akakigeuza mara mbili, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye sikio moja: upande wa kung'aa unakaa ndani au nje?

Ukumbi ukaangua kicheko. Yule dada akajibu vizuri tu, wa zambarau ndo unatazama jua. Babu akaona maiki imeshakuwa yake, akaongeza, na ikiharibika nani anaenda kuitengeneza? Hubble ilirushwa 1990 na kioo kibovu, 1993 wanaanga wakaenda kuirekebisha, lakini ile haifiki hata kilomita 600 juu. Hii inakwenda kilomita milioni moja na nusu. Dada akasema haendi mtu. Babu akauliza la mwisho: nitaiona ikiondoka? Akaambiwa vumilia mzee, Oktoba mwakani.

Oktoba mwakani haikuja. Ikawa 2019, ikawa 2020, mara turubai limechanika kwenye majaribio, mara skrubu zimedondoka, ikawa Machi 2021. Kila tarehe ikisogea Babu ananisomea kwenye gazeti, halafu ananiangalia juu ya miwani: na wewe, ulisema mamako utamwona lini? Namjibu mwaka huu. Anasema aha, na hao wamesema hivohivo.

Alifariki kabla ya hiyo Machi, ambayo nayo ilisogezwa.

Ikaruka Krismasi ya 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, huku kwetu saa moja na dakika ishirini asubuhi, Tanga saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nimetoka shifti ya usiku, simu moja inaonyesha roketi, nyingine mama kwenye video, mkono umeshika kidevu, mtupu. Akauliza ndo chombo cha mzee wako hicho? Nikasema ndo hicho. Kikiharibika huko watakifuata? Nikasema hawakifuati mama, ni mbali. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Halafu akaniambia samaki wamepanda bei.

Nilitaka kumwambia ile habari ya gramu 48. Mpaka leo sijamwambia, sijui itamfurahisha au itamuumiza.

Mwanangu nilimjibu vyovyote tu, kwa pilau haina tofauti. Hakuniamini. Akafunika kung'aa kukiwa nje, akakandamiza kingo zote kwa kidole gumba, kwarakwara, sinia zima.