Kizimba cha perege Mtera: nanga, kamba na maji yanayoshuka

Fremu ya kizimba, yaani boma la wavu la kufugia samaki, iko majini, nanga zimekaa, vifaranga wamepandikizwa. Nanga ndizo zilizokula muda mwingi, na kwenye bwawa la umeme kama Mtera ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu maji yake hupanda na kushuka.

Mtera hujaa kwenye mita 698.50 juu ya usawa wa bahari, na mitambo huyatumia maji hadi 690.00. Kina cha siku ya kufunga kizimba, peke yake, hakisemi kitu. Bwawa likiwa 696.50, timazi (kamba yenye uzito ya kupimia kina) iligusa chini kwenye mita 10.5, kwa hiyo sakafu iko 686.00. Maji yakifika 690 zitabaki mita 4: wavu unachukua 2, nyingine 2 ni za kinyesi na mabaki ya chakula kutawanyika. Ukifunga pafupi zaidi ya hapo, kiangazi wavu unalala topeni.

Fremu ni mabomba ya inchi moja na nusu, mita 3 kwa 3, juu ya mapipa 6 ya lita 200. Nanga mbili za zege, kila moja na kamba ya mita 30. Maji yakishuka kamba hulegea, kizimba kinazurura hadi kwenye visiki vya miti iliyozama na wavu unachanika. Dawa yake ni jiwe la kilo 10 lililofungwa kwenye kamba, mita 6 kutoka kwenye fremu: linavuta ulegevu chini, na maji yakipanda kamba inajinyoosha. Wavu wa nje, wa uzi mnene, umeachana nusu mita na wa ndani kwa sababu ya mamba.

Sato, jamii ya perege wa asili ya Nile, hukua haraka, lakini akitoroka huzaana na perege wa asili wa Rufiji, Oreochromis urolepis. Tumeweka perege, madume tu, kwani jike akishika mayai mdomoni huacha kula. Kuchambua madume na majike kunawezekana samaki akifika gramu 20 hivi: mgeuze tumbo juu, paka wino kidogo kwenye matundu yaliyo nyuma ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike matatu.

Samaki 900 wa gramu 20 ni kilo 18. Kwa asilimia 5 ya uzito wao wanakula gramu 900 kwa siku. Wakifika gramu 150 tutashuka hadi asilimia 3. Juni na Julai baridi na upepo huweza kupindua maji na kuleta juu yale ya chini yasiyo na hewa. Wakionekana alfajiri wanahema juu, siku hiyo hawalishwi.